Tutumie Uso Wako Mzima

Dukani kwetu,
Mkabala na kituo cha mafuta,
Jumapili, 8 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Chapuchapu,

Salamu zangu zikukute ukiwa mzima, umeshiba, na umevaa soksi. U hali gani lakini? Kile kikohozi cha tulipoongea mara ya mwisho kimeisha, au bado unakwenda nacho kwenye hilo ghala lenu la baridi? Ukinijibu kwamba hujambo nitakuamini nusu, maana wewe tangu utotoni hata ukiwa unaungua homa ulisema hujambo ili usinyimwe kwenda kucheza.

Sisi huku tunaendelea. Shemeji yako anazidi kunenepa na kukanusha. Wapwa zako wanasoma, wanapigana, wanasoma tena. Mashine ya kuchapa mabango ilitusumbua mwezi uliopita, fundi akaja, sasa inaunguruma vizuri. Nimekukumbuka sana, mdogo wangu. Nalisema hili mapema, kwa sababu leo pia nitakugombeza.

Habari kubwa ni macho ya mama. Kwenye simu alikuambia ni vumbi. Si vumbi. Nilimpeleka kwa daktari wa macho, akamchungulia kwa taa yake, akanieleza kwamba katikati ya jicho ndiko kunakokufa, pembeni bado kunaona. Miwani haisaidii, na kwa hali yake hakuna upasuaji. Akitaka kumwona mtu usoni humtazama kwa pembeni, kichwa kakigeuza, kama anayemnunia. Jirani mmoja alishakasirika akidhani ana kinyongo naye. Vitu vikubwa bado anaviona. Daktari anasema hata hivyo vikubwa havitadumu, pengine mwaka, pengine chini ya hapo.

Basi nikajiambia, mwenye mashine si mimi? Nikachukua picha yako ya mwisho, ile uliyosimama mbele ya lango la kazini, nikaichapa kwenye turubai, kubwa kama mlango. Fundi chuma wa jirani akatuundia fremu, tukaisimamisha sebuleni, tukamwita mama. Lo! Uso wako ulikuwa vigae vya bafuni. Kimoja kahawia, kimoja cheusi, kimoja sijui rangi gani. Mimi niliyekubeba mgongoni sikuweza kuona pua yako iko wapi. Mama akasogea, akageuza kichwa, akatazama kwa muda. Akasema umependeza, na kwamba ndevu zimekukaa vizuri.

Ndevu gani, wewe ambaye wembe wako wa kwanza ulishika kutu kabla haujapata kazi? Ni kivuli tu cha chini ya kidevu, kimetanuka kikawa vipande vyeusi. Nikamwachia ndevu zake. Sasa keshawatangazia majirani wote kwamba mwanawe amefuga ndevu. Watoto walicheka mpaka wakajishika mbavu, nami nikacheka nao, halafu nikaenda jikoni nikalia.

Najua kilichotokea, na sikulaumu. Ulipoondoka tu, mama mwenyewe ndiye aliyekulalamikia kwamba picha zako zinamaliza bando lake. Ukatii. Tangu siku hiyo kila picha unaipunguza kabla ya kuituma, na hiyo kubwa unaifuta ili simu isijae. Kwenye simu zetu zilionekana safi, kwa kuwa kioo cha simu ni kidogo, hakidai mengi. Miaka yote hii tumekuwa tunakutazama kupitia tundu la ufunguo na hatukujua. Nimezipitia picha zako zote, nikitafuta hata moja kubwa. Hamna.

Sasa nisikilize, na uweke kando hiyo haraka yako. Picha ikipigwa huwa na vitone vingi mno, mamilioni, ndivyo vinavyoitwa pikseli. Ukiipunguza unavitupa, na vikishatupwa mashine yangu haiwezi kuvirudisha. Inabahatisha tu, ndiyo maana ukaota ndevu. Kwa hiyo orijino, ile yenyewe kama ilivyopigwa, usiiguse kabisa. Toa nakala, upunguze nakala. Zile za kuweka mtandaoni ili mashangazi wakuone, upande mrefu uwe pikseli elfu mbili hivi, inatosha sana, haili bando na uso haupotei. Urefu na upana vipungue pamoja, usije ukatuletea tena kile kichwa cha boga cha mwaka juzi. Ikiuliza ubora, usishuke mpaka chini kabisa, baki juu kidogo ya katikati. Na upunguze mara moja tu, kutoka kwenye orijino. Iliyokwisha kupunguzwa usiipunguze tena, kila ukiihifadhi upya inazidi kuchujuka.

Lakini ya mama usiipunguze hata kidogo. Na usiitume kama picha, maana programu ya simu itaibana yenyewe njiani. Itume kama faili, kwenye barua pepe ya duka. Ikiwa nzito, iache simu kwenye chaja mpaka iende. Simama karibu na dirisha, mchana, uso uelekee kwenye mwanga. Tafadhali usitumie vile vidude vya kulainisha ngozi, hatukuozi mtu. Mama anataka kuiona ile alama ya kwenye paji la uso, ya ulipoanguka kwenye ngazi. Huniuliza kama bado ipo, namwambia ipo, ingawa kwenye picha zako siioni.

Tena, kama kwenye simu yako ya zamani imebaki orijino yoyote ya miaka iliyopita, hata moja, hata umekunja uso, nitumie. Si mama peke yake anayekutamani. Kuna wateja hugonga meza ya duka harakaharaka, kama ulivyokuwa ukigonga wewe, na mimi nageuka kabla sijafikiri. Nikiona si wewe uso hunibadilika, wanadhani nimekasirika. Sijakasirika.

Kuna jambo la mwisho, na ndilo limenichelewesha kuandika. Juzi tulirudi kwa daktari. Tulipotoka mama alikaa kwenye benchi la nje, mkoba mapajani, nikamweleza kwamba lile bango lilikuwa bovu, huna ndevu, nitakuandikia utume picha nzuri nikuchape upya. Alicheka kidogo. Akasema asante mwanangu, picha itanifaa, ila picha ukiiita haigeuki. Nikadhani amemaliza. Kumbe bado.

"Nataka nimwone akiingia mlangoni," alisema, "avue viatu, aanze kuuliza kuna nini jikoni."

Halafu akanishika mkono, akaniapisha nisikuandikie hilo. Eti una mkataba. Eti usije ukaharibu kazi kwa ajili ya mwanamke mzee asiyeona vizuri. Nikaapa pale pale, mbele ya watu.

Basi nimeapa, na nimekuandikia. Mkataba wako umebakiza miaka miwili. Macho ya mama hayana miaka miwili. Kaombe ruhusa, Chapuchapu, hata ya wiki moja, hata wakikata mshahara, hata ukigeuza njia siku ya pili. Picha itume, ndiyo, nitaichapa kesho yake. Lakini iwe ya kumliwaza mama wakati anakungoja.

Shemeji yako anakusalimu. Wapwa zako wanakusalimu na wanataka kujua kama kwenye ghala lenu kuna theluji. Fundi chuma naye anakusalimu, anasema fremu ipo, inakungoja tu. Shangazi wa ghorofani anakuombea kila siku na anapongeza ndevu. Mama anakusalimu sana. Hajui nilichoandika.

Mungu akutangulie mbele ya mabosi wako, akulainishie mioyo yao, akufikishe mlangoni kwetu mama akiwa bado anakuona.

Ni mimi nikupendaye, hata ninapokugombeza,

Dada Mkubwa