Siku Walipokuita Kwenye Mizani

Kaka Hamza,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia, lakini siwezi kuanza kuzungumza nawe bila kukuamkia, hata sasa. Mama yupo, mzima. Baba mgongo unamsumbua, ila shamba la viazi amelilima lote. Nakuandikia kwa sababu yametokea mambo tangu tulipokuzika, na mengi yanakuhusu wewe. Si vizuri watu wa Tanga wayajue na wewe usiyajue.

Nianze na yale unayoyajua, nisije nikachanganya. Ulipomshinda yule bondia wa Arusha kwenye pambano la mchujo, wakubwa wa chama cha ngumi walikuinua mkono ulingoni wakatangaza kwamba wewe ndiye mpinzani wa lazima. Bingwa, Omari Tufani, hana ruhusa ya kupigana na mtu mwingine mpaka apigane na wewe. Hapa kijijini Mtae walichinja mbuzi. Baba, ambaye hajawahi kusifia ngumi, alisema, "Sasa imebaki siku tu."

Siku haikuja. Kwanza Tufani aliumia mkono. Mkono ulipopona, promota wake akapata bondia wa kutoka nje, akaomba apigane na huyo kwanza, chama kikakubali. Halafu ukumbi ukakosekana. Halafu tukaambiwa mkataba wa Tufani una mgogoro, tuwe na subira. Kila mara walikutajia mwezi, na mwezi ulipokaribia walikutajia mwingine. Na wewe kila mara ulipunguza uzito. Nakumbuka Idi ile, mama amepika pilau, wewe umekaa barazani unatafuna majani ya mshunga, ya kuchemsha yasiyo na chumvi, machungu hata harufu. Nilikuuliza unajitesea nini. Ukasema, "Zaina, wakiita kesho wasinikute mzito." Mashavu yako yalikuwa yamezama. Kocha Mbelwa alikuja kutoka Lushoto mjini kukusihi upumzike japo wiki moja, ukamjibu kwamba mtu anayesubiri hana kupumzika.

Asubuhi ile ya masika mvua ilikuwa imekesha. Mama alikukataza kutoka. Ukafunga kamba za viatu ukasema, "Naishia konani, narudi." Tulisikia mlio kama lori linamwaga mawe, kisha kimya. Wanaume walichimba kwa majembe mpaka adhuhuri. Baba ndiye aliyekuosha, yeye na imamu, na mpaka leo hajasema waliona nini.

Haya. Sasa yale usiyoyajua. Au labda unayajua, mimi sijui.

Arobaini ilikuwa imeshapita. Nilikuwa jikoni nawasha moto kabla ya adhana. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka bondeni, umefika mpaka kizingitini, mgomba wa karibu ulionekana kama mtu amejitanda. Nikasikia mtu anakimbia. Hatua zilianzia upande wa chumba chako, zikapita chini ya dirisha, zikashika njia ya kuteremka. Mbwa aliinuka. Hakubweka. Alifuata huku anatingisha mkia, akasimama pale njia inapoinama, akatazama kidogo, akarudi kulala. Nilipogeuka nikamkuta mama nyuma yangu na kanga kichwani. Akasema, "Leo kachelewa."

Ndipo nikajua kwamba mwenzangu alikuwa anazisikia siku zote.

Baba alikwenda kwa imamu. Imamu alikuja, akatusomea Yasini, akatuambia kwa upole kwamba upepo wa mlimani hudanganya masikio ya wafiwa. Huenda. Lakini upepo haupumui puani kwa mikato miwili mifupi, kama ulivyokuwa ukipumua wewe. Na kilichotunyima raha hasa hakikuwa kusikia. Kila alfajiri tulikusikia ukiondoka. Hatukuwahi kukusikia ukirudi. Mama alianza kukaa mlangoni mpaka jua lipasue ukungu, akingoja, chai yake inapoa mkononi.

Tukaishi hivyo. Kisha Kocha Mbelwa akaja, hakupiga simu, alikuja mwenyewe kwa basi kupitia Mlalo, na uso wake ulikuwa umepauka kama majivu. Alisema kule stendi ya Lushoto limebandikwa bango. Picha yako, umevaa glovu, umetazamana na Omari Tufani. Pambano la ubingwa, Tanga, mwezi ujao.

Mama aliuliza kama ni bango la zamani. Kocha alisema ni jipya, gundi bado mbichi.

Kumbe wiki ile ya msiba Kocha alimpigia promota mwenyewe akamwambia umefariki, na promota akampa pole. Kwa hiyo walijua. Kocha alitueleza polepole, kama anafundisha mtoto: "Mpinzani wa lazima asipofika kwenye mizani, anahesabiwa kakimbia. Bingwa anabaki na mkanda wake, deni lake la kupigana linafutika, na yule kijana wa Mwanza aliyekuwa anafuata anaanza kusubiri upya. Wamempata mpinzani bora kuliko wote. Hapigi."

Baba alijishika mgongo akasimama. Kisha akasema, "Jina langu liko nyuma ya jina lake. Haliwezi kuitwa watu wakakaa kimya. Aende mtu aitike."

Nilidhani atakwenda yeye. Mama akasema, "Aende Zaina. Ana sauti yake." Kaka, sikujua kwamba nina sauti yako. Usiku ule nililala nimeziba mdomo kwa mkono.

Siku ya kupima uzito tulikwenda Tanga na Kocha. Ukumbi ulikuwa umejaa, watu wa redio, watu wa kamera, wasichana wawili wameshika mkanda uliowekwa kwenye mto mwekundu. Tufani alikuwa amesimama kwenye mizani na kaptura tupu. Nilikuwa nikimwona kwenye simu yako tu, akitukana na kucheka. Pale alikuwa amekonda, macho mekundu, anageukageuka kama mtu anayeitwa kwa nyuma.

Mtangazaji akaita, "Hamza kutoka Lushoto. Mizani inakusubiri." Kimya. Akaita tena. Promota akatazama saa yake. Nilimwona akianza kutabasamu, nikasimama.

Nilisema, "Nipo kwa niaba yake. Mimi ni mdogo wake. Hamza alifariki masika, kilima kilimwangukia akikimbia kujiandaa kwa pambano hili. Kocha wake aliwapa taarifa. Msiandike kwamba hakutokea."

Watu waligeuka wote. Promota akasema taarifa rasmi haijafika ofisini kwake. Kocha alianza kujibu, lakini hakuna aliyemsikiliza, maana Tufani alikuwa ameteremka kwenye mizani kabla uzito wake haujasomwa. Alikuja mpaka mbele yangu, miguu mitupu.

"Amekufa lini?"

"Masika."

"Mwongo," akasema, lakini kwa sauti ndogo, ya mtu anayeomba. "Nimekimbia naye leo asubuhi."

Alituvuta nyuma ya ukumbi, penye ngazi, akatusimulia akiwa amejifunika taulo. Tangu masika, kila alfajiri anapotoka kukimbia, mtu humjia kwa nyuma. Hamwoni. Akisimama, naye anasimama. Akiongeza, naye anaongeza. Alidhani ni wewe, umehamia Dar anakoishi yeye kumtia hofu kabla ya pambano, kisha ukamfuata hata Tanga. Alimuuliza promota kama yule kijana wa Lushoto yuko mjini, promota akacheka akasema atakuwa yupo. "Kule Dar mimi nakimbia barabara ya pwani," akasema. "Ni tambarare, hakuna hata tuta. Lakini hatua zake ni za mtu anayepanda mlima."

Kocha aliuliza kuhusu pumzi. Tufani akaiigiza. Mikato miwili mifupi, puani.



Jioni ile chama kilitoa tangazo. Najua ungecheka. Walisema pambano kati ya bingwa Omari Tufani na mpinzani wake Hamza limeahirishwa. Kocha alicheka mpaka akafuta machozi, kisha machozi hayakukoma.

Haikupita wiki, Tufani akaja Mtae. Peke yake, bila promota, na begi dogo. Watoto walimfuata kwa mbali bila kelele. Alimwamkia baba shikamoo, akamwamkia mama shikamoo, akakaa pale ulipokuwa ukikaa ingawa hakuna aliyemwonyesha. Mama alimpa chakula. Alikula kidogo, akaweka kijiko, akasema, "Mama, mkono wangu haukuwa na kitu. Niliona kanda ya pambano lake la mchujo, nikaogopa. Waliniambia, sema umeumia, mengine tuachie sisi."  Baba hakumwambia amemsamehe, kaka, nisikudanganye. Alimwambia, "Kesho nitakupeleka kaburini."

Alfajiri walikwenda. Mimi na mama tulibaki mlangoni. Ukungu siku hiyo ulikuwa mzito hata jogoo aliwika kama yuko ndani ya mtungi. Hatua zako zilipita chini ya dirisha kama kawaida, na baadaye kidogo, kutoka upande wa makaburini, tulisikia mtu mwingine naye anaanza kukimbia. Wakashika njia moja. Mama alinikamata mkono. Tulisikiliza watu wawili wanateremka kuelekea konani, hatua zikichanganyika, mpaka masikio yakakosa cha kushika.

Tufani alirudi jua limeshatoka, magoti yana udongo mwekundu. Baba alimpa maji. Alikunywa, akasema, "Amenipita."  Akasema alikusikia ukija kwa nyuma kama siku zote, lakini pale kilima kilipokatika hukusimama aliposimama yeye. Ulimpita ubavuni, upepo wako ukamgusa bega, ukaendelea mbele ambako njia haipo tena. "Sikuweza kumfuata," akasema. "Nilijaribu. Miguu ilikataa."

Alipofika Dar aliurudisha mkanda. Alisema kwenye redio kwamba kuna mtu alistahili kupigana naye na yeye alimkwepa mpaka akafa, basi. Promota amemwita kichaa. Kijana wa Mwanza atapigana na mwingine kuugombea, na mara hii chama kimetaja siku na hakijaibadilisha, angalau mpaka leo ninapoandika.

Tangu asubuhi ile hatujasikia kitu. Mbwa analala mpaka kunakucha. Mama anaamka wakati ule ule, anakaa kitandani anasikiliza, kisha anatawadha anaswali. Jana aliniuliza kama nadhani umefika. Nilimwambia ndiyo, mama, amefika. Sikujua nasema umefika wapi.

Kocha ameniomba niende naye kutazama hilo pambano. Nitakwenda. Nitakaa karibu na ulingo, nitazame kila kitu, nani aliingia na mguu wa kushoto, nani alichoka mapema. Kisha nitapanda kwenu pale juu makaburini nikusimulie raundi moja baada ya nyingine, polepole, sitaruka hata moja. Hiyo ni ahadi, na unajua mimi sibadilishi siku.

Kwaheri, kaka yangu. Mungu akupe nafasi pana. Fungua kamba za viatu, ukae. Kula ushibe.

Mimi mdogo wako,
Zaina