Nakala ya Tatu

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nimekagua seva zote sita, kompyuta zinazohifadhi kumbukumbu za kituo chetu, kabla ya chai, kama kila siku. Mbili hapa mjini, mbili Kilakala, mbili Kihonda. Zote kijani. Nimefagia chumba, nimefuta vumbi.

Kisha nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nirithi kazi hii Januari. Nikasoma masharti ya mabwawa yote, moja moja. Diski za vyumba vitatu tunazitumia kama chombo kimoja kikubwa, halafu tunakigawa sehemu tunazoziita mabwawa, na kila bwawa lina sheria zake. Bwawa la barua za ofisi: nakala tatu, moja kila chumba. Bwawa la picha: nakala tatu. Bwawa la sauti: mbili.

Mbili! Sauti za wazee wa Uluguru, ambao wengi wao tumeshawazika. Barua za kuomba viti zinalindwa kuliko wao. Aliyenitangulia alikuwa anabana nafasi. Nimekasirika.

Jumanne, 8 Aprili

Nimempa Bi. Consolata shikamoo na habari mbaya kwa pamoja. Ni mkuu wa kituo, hapendi maelezo marefu. Akauliza kama nafasi itatosha. Itatosha kwa kubanana, nikasema. "Basi fanya."

Amri yenyewe ni mstari mmoja. Mbili ikawa tatu.

Halafu seva zikaanza. Zenyewe. Kila rekodi imekatwa vipande, na kila kipande kikaanza kujinakili kwenda chumba ambacho hakikuwa nacho. Hakuna daftari lolote linalosema kipande gani kiko wapi. Seva inachukua jina la kipande, inapiga hesabu, na hesabu ndiyo inayoionyesha mahali. Zote sita zinapata jibu lilelile bila kuulizana.

Haya niliyasoma chuoni, nikayajibu kwenye mtihani, nikafaulu. Leo ndiyo nimeyaona. Chai ilipoa mezani.

Jumatano, 9 Aprili

Nakala zimefika nusu. Diski ni za zamani, zinakwenda mwendo wa jongoo.

Amepiga simu mama mmoja, Mwanahawa, anauza vitunguu Dumila. Mama yake, Bi. Zena wa Kinole, alirekodiwa na kituo mwaka juzi. Amefariki mwezi wa pili. Mwanahawa hana sauti yake kwenye simu, hata ya sekunde moja. Anataka kusikiliza. Nimemwambia aje Ijumaa.

Alhamisi, 10 Aprili

Siku mbaya.

Saa nne asubuhi amepiga Rajabu, fundi wetu wa umeme. Bati la chumba cha Kilakala limeng'oka kona, maji yamemwagikia seva zote mbili. Nimekwenda. Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka ndani ya seva kama kwenye gunia la mboga zilizooshwa. Rajabu ameshakata umeme. Diski zimelowa. Hakuna anayethubutu kuziwasha.

Nimerudi mjini kuangalia hasara. Vipande vilivyokwisha kunakiliwa viko salama, vikiwemo vyote vilivyokuwa na nakala mjini. Vilivyokuwa Kilakala na Kihonda tu, na foleni haijavifikia, sasa vimebaki na nakala moja. Kihonda peke yake. Bwawa limevifunga. Hiyo ni sheria yake: kipande chenye nakala pungufu ya mbili hakitolewi kwa mtu yeyote mpaka kipate mwenzake.

Nimetafuta rekodi ya Bi. Zena. Vipande thelathini na kimoja vimefungwa.

Ningesoma yale masharti Januari, leo kusingekuwa na kilio. Hilo ni kosa langu, si la aliyenitangulia.

Ijumaa, 11 Aprili

Mwanahawa amefika kabla sijafungua ofisi. Mwanamke wa miaka hamsini hivi, khanga mpya, viatu vina matope ya safari. Nimemweleza.

"Nimefunga biashara siku nzima, dada," akasema. "Nimekuja kuambiwa mlango umefungwa?"

Nikafungua ofisi, akaingia.

"Niambie kitu kimoja. Mama yupo humo au hayupo?"

"Yupo."

"Wapi?"

Nikamwambia ukweli. Yuko vipande vipande, mia kadhaa, vingine hapa na vingine Kihonda, na vikiitwa vinakuja kwa mpangilio na kuwa sauti moja. Sikujua kama atalia au atanitukana. Akasema, "Subhanallah," polepole.

Bi. Consolata aliniita pembeni. Akataka nishushe sharti, bwawa litoe hata kwa nakala moja, mgeni asikilize aende. Inawezekana, ni mstari mmoja tu. Lakini asubuhi diski moja ya Kihonda imeanza kutoa makosa, na karibu vipande vyote vya upweke, vile vyenye nakala moja, viko kwenye hiyo. Kuilazimisha isome kwa ajili ya mgeni kabla vipande havijanakiliwa ni kumtwisha mgonjwa gunia.

"Sishushi, mama," nikasema. Sijawahi kumkatalia.

Akatazama dirishani. "Basi mwambie wewe mwenyewe."

Nimemwambia. Ameondoka bila kuaga.

Jumamosi, 12 Aprili

Kihonda kutwa nzima. Nimesimamisha kazi nyingine zote, diski ile ihudumie vipande vya upweke tu. Rajabu ameleta feni ya nyumbani kwake, akaielekeza kwenye seva, akakaa chini.

Nilihesabu vilivyobaki vya Bi. Zena: thelathini na kimoja. Saa tano, ishirini na nne. Saa sita, ishirini na nne. Diski ilikuwa inagonga, inatulia, inagonga tena. Kila ikishindwa kusoma, inarudia. Sikuigusa. Hakukuwa na cha kugusa.

Saa saba, kumi na moja. Rajabu hakwenda kula. Saa nane, vitatu. Hapo hapo kwa nusu saa nzima. Nilitaka kuchomoa kila kitu nikimbie.

Saa tisa na robo, sifuri. Kila kipande, chake na cha wengine, sasa kina mwenzake mjini.

Nimeizima ile diski mbovu mwenyewe; kwa muda vipande vimebaki na nakala ya mjini tu. Kabla sijainuka, seva za mjini zilikwishaona pengo na kuanza kurudisha nakala kwenye diski nzima za Kihonda. Hakuna aliyeziamuru. Nilisimama pale mdomo wazi kama mtoto. Nilidhani mimi ndiye ninayezilinda.

Jumanne, 15 Aprili

Vipande vyote vina nakala mbili tangu jana mchana. Bwawa limefunguka. Nilimpigia Mwanahawa jana hiyohiyo, nikadhani hatapokea. Amekuja na basi la kwanza.

Nilimpa kiti, nikabonyeza.

Bi. Zena anaongea Kiluguru. Mimi ni Mnyiramba, sikuelewa neno. Ni sauti ya haraka, ina kicheko ndani. Nyuma yake jogoo, na mtu anapasua kuni. Mwanahawa alikaa wima, mikono magotini, hakulia. Baada ya muda akaanza kunitafsiria bila kuniangalia. Mama anaeleza mdalasini. Humenywa wakati wa masika, gome linaachia lenyewe. Ukilazimisha kiangazi unauua mti.

Kisha kwenye rekodi mama akakatiza maneno yake, akaita kwa sauti kubwa, jina fulani, kama anamwita mtu aliye mbali shambani.

"Abee, mama!" Mwanahawa akaitika. Kwa nguvu, ofisi nzima ikasikia.

Akaziba mdomo kwa khanga. Lilikuwa jina la mdogo wake, akaniambia baadaye, si lake. Lakini kwao akiitwa mmoja wanaitika wote.

Bi. Consolata alikuwa amesimama mlangoni. Aliondoka, akarudi na maji ya kunywa.

Ijumaa, 18 Aprili

Seva moja ya Kilakala imekauka na kuwaka. Nakala ya tatu inajaa taratibu.

Jumatatu wenzangu wanapanda mlimani kurekodi wazee wengine, nami nimetakiwa kuwaandalia bwawa jipya. Nimeliunda leo mchana. Nakala tatu. Ndani hamna kitu.

Wameniachia orodha ya majina watakayozipa rekodi. Kwa kuwa mahali panatokana na jina, nimejaribu kupiga hesabu ya rekodi ya kwanza. Nimepata jibu. Nakala ya kwanza ya kipande cha mwanzo itakaa diski ya nne, Kihonda. Mzee atakayerekodiwa humo hajafungua mdomo bado. Labda saa hizi analima.

Nimekaa nikitazama lile bwawa tupu mpaka muda wa kazi ukaisha.