Kitabu cha Masikioni

Jumatatu, 7 Julai
Nimefagia. Nimeteka maji. Nimekunywa chai ya mchaichai, kavu. Kisha nimekaa uani kusuka ukili, kama jana. Ukili hautaki macho, vidole vinajua vyenyewe. Kusoma ndiko kumenishinda. Leo nimejaribu tena, dakika tano, mistari ikaungana ikawa mstari mmoja mnene. Daktari wa macho kule Pemba, Pemba yetu ya bara, si ile ya kisiwani, alisema kilichopotea hakirudi, nitunze kilichobaki. Miaka thelathini na moja nimefundisha watoto kusoma. Sasa naandika humu kwa kalamu nene, herufi kubwa, kama wa darasa la kwanza.

Anifa amenitumia simu mpya kwa dereva wa chapa, basi dogo la abiria. Ndani yake ameweka vitabu vya kusikiliza. Mtu anakusomea, wewe kazi yako masikio tu. Mwanangu anakaa Nampula, anadhani upweke una dawa dukani.

Bi Zainabu ameita kutoka upande wa pili wa ua wa makuti, kama kila asubuhi. Mwalimu, umeamkaje? Umekula nini? Macho je? Maswali hayo hayo, kila siku. Nimechoka nayo.

Jumatano, 9 Julai
Nimeanza kitabu. Riwaya ya fundi saa wa Tanga, Hamadi, ambaye mkewe ameondoka bila kuaga. Msomaji ni mwanamume. Nililala kabla sijajua hata mke anaitwa nani. Nilipozinduka Hamadi yuko ndani ya treni, sijui anakwenda wapi. Kitabu cha karatasi ningekifunua nyuma kwa kidole. Hiki nimekibonyeza, sauti ikaanza kukimbia kama kuku aliyeona mwewe. Nimebonyeza tena, ikaja ya Kireno. Nimezima. Nimekasirika. Nimelia kidogo pia.

Alhamisi, 10 Julai
Nimekwenda hadi ukutani kwa shule, ndipo rede, mtandao wa simu, inaposhika, nimempigia Anifa. Amenieleza taratibu, kama mimi nilivyokuwa nikimweleza yeye kuzidisha. Kishale cha mviringo kinarudisha nyuma kidogo. Mwendo nisiuguse. Nisisikilize nikiwa nimelala. Nisikilize mikono ikiwa na kazi. Na sura moja tu kwanza, mama, usijitese.

Nimerudi, nimeiweka simu juu ya kinu kilichopinduliwa, nimeanza kusuka. Sauti ikajaa uani. Nimesikia sura nzima. Hamadi anakwenda Korogwe. Mke anaitwa Rukia.

Sijasikia mwanamume akizungumza kwa utulivu katika uwanja huu tangu mume wangu Saidi afe. Miaka sita. Sikutegemea kwamba hilo lingeniuma.

Jumapili, 13 Julai
Nimeanza kuvaa vile vya masikioni vilivyokuja na simu. Upepo wa kusi unaichukua sauti, halafu naona haya kwa wapita njia. Hii ya masikioni ni kitu kingine kabisa. Msomaji yuko hapa, ndani ya kichwa changu. Kabla ya sentensi ya huzuni humeza mate. Nimemkamata mara tatu. Sasa akimeza, mikono yangu inasimama.

Ijumaa, 18 Julai
Sura nne leo. Nimefua nasikiliza. Nimepika nasikiliza. Wali umeungua.

Nyumba saba za mtaa huu, nne hazijafunguliwa tangu watu wakimbie vita. Tuliokuwa tukisuka pamoja chini ya banda la marehemu mama yangu tulikuwa wanawake sita. Kazi ilikuwa ndogo, maneno mengi. Nimebaki mimi, na Bi Zainabu ambaye mikono inamtetemeka. Nyumba ya mwisho ni ya mke na mume Wamakonde, alfajiri wako shamba, jioni wamechoka. Nani wa kunilaumu.

Jumanne, 22 Julai
Leo nimegundua kuwa Bi Zainabu hajaita siku nyingi. Pengine wiki. Pengine ameita, sikusikia. Sijaenda kuuliza. Naandika ukweli kwa kuwa hakuna wa kuusoma: nimeona nafuu. Asubuhi yangu haikatwi.

Rukia amepatikana. Yuko hai, ana duka la vitambaa, hataki kumwona Hamadi. Nimewawaza hao wawili mpaka chai imepoa. Hapa kijijini, Kionga nzima, hakuna mtu mwenye pumzi ninayemwaza kiasi hicho. Aibu.

Jumamosi, 26 Julai
Bi Zainabu ameanguka. Ilikuwa saa nne asubuhi, anatoka msalani. Nyonga. Alikaa chini mpaka saa sita, Abudo mkwezi alipokuja kumwangulia nazi. Abudo ndiye aliyenigusa bega. Niliruka. Nikaona mdomo wake unakwenda, simsikii. Nikavua vya masikioni.

"Mwalimu! Bibi anakuita tangu asubuhi, husikii?"

Tulimlaza juu ya jamvi, tukambeba mpaka barabarani, gari la mwenye duka likampeleka hospitali ya Palma. Hakulia. Alinitazama mara moja, akafumba macho.

Nimepima. Kutoka ninapokaa kusuka hadi alipoangukia, ukizunguka ua, ni hatua kumi na mbili.

Jumapili, 27 Julai
Simu sijaiwasha. Kuku wake nimewapa pumba. Watu wamepita kuuliza habari. Wote wanasema jambo moja: bahati mbaya tu, Mwalimu, hukuwepo. Sijamsahihisha hata mmoja. Abudo anajua. Abudo hasemi.

Mimi mwoga. Niliwahi kuwapigisha watoto magoti kwa uongo mdogo kuliko huu.

Jumatano, 30 Julai
Palma. Barabara mbaya, vumbi mpaka kwenye meno. Wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Mguu wake umevutwa kwa kamba na mfuko wa mchanga. Amekuwa mdogo, kama mtoto aliyevikwa shuka la mtu mzima. Maneno nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Yalitoka ovyo.

"Mama, siku ile nilikuwepo. Nilikuwa uani."

"Najua. Nilikusikia unakohoa."

"Nilikuwa nimeziba masikio. Nisamehe."

Kisha akanivuta karibu ili mgonjwa wa kitanda cha pili asisikie.

"Naye alikuwepo?"

"Nani?"

"Yule mwanamume wako. Nilimsikia wiki ile, anazungumza taratibu, nawe umenyamaza unamsikiliza. Nikasema alhamdulillahi, Mwalimu kapata mtu. Ndiyo maana nikaacha kukuita asubuhi. Mtu mwenye mgeni haitwi-itwi. Hata nilipoanguka, mwanzo nilikuita polepole."

Nilimweleza. Simu. Kitabu. Fundi saa. Msomaji ambaye hata sura yake siijui.

"Kitabu," akasema. "Yaani nimekuombea dua wiki mbili nzima, kumbe nakiombea kitabu."

Akacheka. Akacheka mpaka nyonga ikamuuma, kicheko kikageuka kilio, muuguzi akanitoa nje. Nimelia nimeegemea ukuta wa hospitali, mbele za watu. Kama amenisamehe, hakusema.

Mwanzo nilikuita polepole. Neno hilo nimerudi nalo.

Jumamosi, 2 Agosti
Palma tena. Nimempelekea uji wa mchele na nazi. Akataka kumsikia "yule mwanamume". Nimemvalisha kimoja, kingine nimevaa mimi, vichwa vyetu vimegusana kwenye mto. Nilidhani atalala. Hakulala. Alimjibu msomaji kila sentensi. Hamadi akisema anampenda Rukia, Bi Zainabu: "Mwongo, hukumtafuta mwaka mzima." Rukia akikataa kufungua mlango, Bi Zainabu: "Usifungue, mwanangu." Wagonjwa wengine wakaanza kuuliza nini, nini, naye akawahadithia kwa maneno yake, akiongeza ambayo hayamo. Nusu ya sura sikuisikia. Sikurudisha nyuma.

Furaha yangu ya kwanza tangu lini, sijui. Kwenye chapa nilijiona nacheka peke yangu.

Jumatano, 6 Agosti
Rede imeshika nikiwa ukutani kwa shule. Ujumbe wa Anli, mtoto wa Bi Zainabu, anayefanya kazi Pemba. Anamchukua mama yake. Mifupa ya umri ule haiungi haraka, na huku hana wa kumwangalia. Ameandika hivyo: hana wa kumwangalia.

Ni kweli.

Ijumaa, 8 Agosti
Anli amekuja kuchukua vitu. Mama yake yuko garini Palma tayari, hatapita huku, barabara itamuumiza. Kwa hiyo sitamwona. Nimesaidia kufunga. Kanga nane, sufuria, mbuzi ya kukunia nazi, msala. Nyumba nzima imeingia katika magunia matatu. Kuku ameniachia.

Alipokuwa akifunga kamba akaniambia ahsante, Mwalimu, umekuwa jirani mwema kwa mama. Hapo ndipo nilipomwambia. Kwamba aliita saa mbili nzima. Kwamba nilikuwa hapa, hatua kumi na mbili, nasikiliza kitabu.

Hakugeuka. Alimaliza fundo, akalijaribu kama limekaza.

"Mama ameniambia," akasema. "Alinikataza nisikuulize."

Akafunga mlango kwa kufuli. Akaondoka bila kunipa mkono. Ana haki.

Nyumba tano zimefungwa sasa.

Jumapili, 10 Agosti
Wamakonde walikuja kuuliza mbona kwa bibi kumefungwa. Nimewaeleza yote, tangu mwanzo, na sehemu yangu. Mke alisikiliza mikono kiunoni. Akasema pole. Sikujua pole hiyo ni ya Bi Zainabu au yangu. Wamekwenda zao. Kesho wataniona mtu wa namna gani, watajua wenyewe. Naona leo nitalala vizuri kuliko jana.

Alhamisi, 14 Agosti
Hamadi alirudi Tanga peke yake. Akafungua duka, akafuta vumbi kwenye saa za watu, kitabu kikaisha. Msomaji hakumeza mate mwishoni. Alisema tu mwisho.

Anifa ameweka kingine, anasoma mwanamke. Sauti kavu kidogo, nitaizoea. Nimeanza leo saa tatu, nikiwa nasuka. Nimevaa kimoja tu, sikio la kulia. La kushoto nimeliacha wazi. Upepo kwenye minazi. Kuku wanaparua. Mtu anapasua kuni, mbali, upande wa msikitini.

Sura moja nzima. Hakuna aliyeita.