Kwa Yaya Aliyepeleka Karatasi Zangu Beni

Yaya wangu mpendwa,

«Yaya» ni langu, kaka yangu mkubwa; hilo neno «mpendwa» ni la mama. Yuko hapa karibu, anapenda barua ianze kwa adabu.

Salamu zako zimefika kwa kuzunguka Uganda, mikononi mwa mfanyabiashara wa vitenge. Unasema chuo kikuu kinakwenda vizuri, na kwamba amani ikirudi utanisaidia mimi pia nisome. Nilicheka mpaka mama akanishika paji la uso kuona kama nina homa. Barua zetu hazivuki mstari wa vita bila kufunguliwa, donc basi naandika wazi. Atakayeisoma njiani asome.

Unakumbuka mwaka wako wa mwisho wa sekondari? Shule yangu ya masista ilikuwa imefungwa, askari wanalala madarasani. Yako iliendelea. Wewe ukawa finaliste, mimi nikawa mtu wa kuchekecha unga wa muhogo. Ninyi mafinaliste mlikuwa mnatembea chini ya mikaratusi ya Butembo midomo ikichezacheza, hamsalimii mtu, kama wagonjwa waliotoroka hospitali. Ukirudi nyumbani unanipa maswali ya mitihani ya serikali ya miaka ya nyuma, nikuulize: swali moja, majibu matano, chagua. Mkono mmoja chekecheke, mkono mwingine karatasi. Hakuna aliyenialika kujifunza. Hakuna pia aliyeniziba masikio.

Ulikuwa unajibu vizuri mno. Siku moja nikaelewa kwa nini. Jibu hukulitafuta kichwani mwako, ulilisikiliza kwenye sauti yangu. Nikifika kwenye lile la kweli, sauti ilishuka kidogo, kama ya mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Kesho yake nikasoma yote matano kwa sauti moja, kama katekista aliyechoka. Jiografia yote ukaanguka. Mutoto wa Kongo, ukachukua mto wetu ukaupeleka Ulaya.

Ukaniangalia sana.

«Kumbe leki, mdogo wangu, unajua yote hii?»

«Nasikiaka tu, yaya.»

Ukacheka. «Na siku ya matokeo redio ikisema asilimia yako imepita yangu, nitapita njia gani hapa Butembo?»

Nami nikacheka. Nilidhani ni mzaha.

Prefe, mkuu wa shule yako, ndiye aliyemwambia mama kwamba mtu aliyejifunza nje ya darasa anaweza kufanya mtihani huo huo, kama autodidacte. Karatasi za kujiandikisha zilipaswa kufika Beni. Mama akakataa nipite barrière, vile vizuizi vya askari, na kwa hilo simlaumu. Wewe ukasema utapeleka za sisi wawili. Nikakupa ripoti zangu za masista na picha niliyopigwa nikiwa nimevaa blauzi ya mama, mabega yakielea kama nimeazimwa mwili.

Uliporudi hukukaa hata chini. «Mwaka hii habakubali ba-autodidacte. Ni vita, leki. Ku Beni hapana serikali ya kutosha.» Nikakuamini. Serikali ya kutosha hatukuwahi kuiona sisi, hivyo neno lako lilikuwa na sura ya ukweli.

Redio iliposoma jina lako kati ya waliofaulu, mimi ndiye niliyekumwagia kichwani unga wa kwanza wa kushangilia, ule niliouchekecha mwenyewe. Nilikukimbilia mtaani nikiimba mpaka sauti ikakauka. Uliniacha niimbe, yaya. Hilo ndilo ninalorudia kichwani, kuliko uongo wenyewe.

Sasa sikia. Kavira, mama mmoja wa Oicha anayeleta mawese sokoni kwetu, anasahihisha Kifaransa cha maaskari kwenye uso wao, na wanamwacha apite. Nikamuuliza alisomea wapi. Akasema hakusoma mahali popote, alipata diploma kama autodidacte, Beni. Mwaka gani? Mwaka wako. Nikamwambia mwaka ule walikataliwa.

«Nani alikataa?» akasema. «Tuliketi nyuma, benchi moja. Hata nafasi ilibakia.»

Nilinunua mawese bila kuyahitaji, nipate cha kushika mikononi.

Mama hataki niandike haya. Anasema ulikuwa kijana, uliogopa aibu. Labda. Mais lakini aibu yako uliipakia kichwani mwangu ukaniacha niibebe kama furaha ya nyumbani. Huko uliko unaitwa akili ya familia. Waache waseme, wako mbali.

Mwaka huu karatasi nimezipeleka mwenyewe. Kavira alinishika mkono kwenye kila barrière, akiwasalimia askari kwa Kilingala chao mpaka wakasahau kutusumbua. Mtihani uko mbele yangu. Hesabu bado inanishinda, kemia tunavumiliana tu. Inawezekana kabisa nikaanguka. Lakini nitaanguka kwa kichwa changu, jina langu likiwa ndani. Wewe hukuniibia diploma, yaya, diploma siwezi kusema kwa hakika kwamba ningeipata. Uliniibia hata kule kuanguka.

Nakuaga nimesimama, gari la kunipeleka mtihanini Beni limekwisha kuwashwa.

Ni mimi,
binti wa mama yako