Kasuku wa Semliki

Kyebando, Jumapili

Rajab, Baba Habibah,

Salamu. Mama yako amepona malaria, na Habibah ameota jino jipya pale lilipong'oka la utoto.

Wale kasuku wawili wadogo wenye ukosi mweusi, uliowakamata huko msitu wa Semliki ukatutumia, walikataa mtama, wakakataa hata ndizi. Jana wa pili naye alikufa, Habibah akalia mpaka akatapika.

Leo dereva wenu wa kazini amekuja kuchukua tundu. Akanipa pole: "Shemeji, hawa hawaishi bila matunda ya mkuyu. Mke wa Rajab kule angekuambia."

"Mke yupi?" nikamuuliza. Akainamisha kichwa.

Miaka miwili nimewaambia watu kazi ya ulinzi ndiyo inakuzuia. Nguo zako zote dereva amepakia. Usije kuzirudisha.

Hasifa