Mafuta ya Kuita Nyuki

Mukuru kwa Reuben,
14 Julai 2024

Kwa shemeji Mbeti,

Hujambo huko Mwingi? Miguu ya Mama inaendeleaje? Sisi tuko, ila baridi ya Julai imetukalia. Dada yako Kasiva anakohoa kidogo. Yeye anasema ni moshi wa viwanda, mimi nasema ni ubishi.

Simu yako hushika mtandao ukiwa mlimani tu, na neno hili ni refu, kwa hiyo naandika. Kasiva ameniambia kwamba kaka yenu Ndete amekupa hadi mvua ya Novemba. Mizinga ya marehemu baba yenu ikikaa tupu mpaka hapo, atakata migunga yote inayoibeba achome makaa. Nimekuwa nikilifikiria hilo nikibeba mizigo, maana mgongo ukiuma kichwa hutafuta pa kukaa.

Kiwandani kwetu tunatengeneza peremende. Kuna pipa la mafuta yanayonukia kama ile dawa ya tumbo la watoto wachanga, matamu hata kabla ya sukari. Yanaitwa anetholi. Asili yake ni mbegu za anisi. Kifuniko kikifunguliwa, nyuki hutokea sijui wapi, hapa Viwandani penye moshi na mitaro! Tena wiki hii tulikuta pipa zima limeganda, jeupe kama mafuta ya kupikia ya kimbo. Nikadhani tumeuziwa kitu kingine. Msimamizi wetu Kweyu akanicheka: "Wekulo, hayo yanasikia baridi kuliko wewe." Tukaliweka kwenye maji ya moto, likayeyuka.

Kweyu ameniruhusu kukwangua yaliyoganda chini ya kifuniko. Nayatuma kwa basi katika chupa ya glasi, kwa sababu anasema yanalegeza plastiki. Paka kwenye mizinga, tuone.

Ni mimi shemeji yako,
Wekulo


Mwingi,
2 Agosti 2024

Shemeji Wekulo,

Pokea salamu za jua, maana hiyo baridi yako hatuijui. Miguu ya Mama humuuma asubuhi, jioni anaisahau. Kasiva anywe tangawizi.

Chupa ilifika, lakini hicho kitu cheupe sikukiona. Niliona majimaji tu. Nikamwambia Mama, "Shemeji amekula vyake, ametujazia maji." Nilipofungua, nyumba nzima ikanukia. Kumbe joto la njiani lilikuwa limeyayeyusha.

Basi nikamimina. Unanijua, mimi sifanyi nusu. Nilipaka mizinga mitano kwa mkono mtupu, hadi ndani kabisa. Sasa sikia: sisimizi waliokaa humo wamehama, buibui wamekufa, na nyuki hawajakanyaga. Vidole vyangu vimetoka vipele, vinawasha kama nimeshika upupu. Ndete alipita akanusa, akasema, "Dada, unafuga nyuki ama unakaanga mandazi?" Hakuwa peke yake. Alikuja na mnunuzi wa makaa, wakapima mashina kwa kamba.

Uliza vizuri hayo mafuta ni kitu gani. Hungeuliza kwanza, ndipo utume?

Shemeji yako mwenye kujikuna,
Mbeti


Mukuru kwa Reuben,
25 Agosti 2024

Shemeji Mbeti,

Pole kwa vidole. Kasiva amenigombeza tangu barua ifike, na kikohozi kimeisha, nadhani kwa hasira.

Nilimfuata Tiffany, msichana wa maabara. Akauliza nilikutumia kiasi gani. Nikamwambia chupa. Akashika kichwa: "Ai, mzee! Si hiyo ingetosha lori la peremende?" Anasema kwa kipimo cha chakula watu huyala kila siku bila shida. Yakiwa yenyewe, yanaweza kuwasha ngozi, na wadudu wengi hayawafai. Wengine hata wanayajaribu kuua mbu. Usiyamwage kisimani wala mtoni, yanadhuru samaki. Yaweke mbali na jiko, yanashika moto, na yakae gizani yasiharibike.

Nikamuuliza, mbona basi nyuki wanafuata pipa letu? Akajibu, "Wanakuja kwenye kifuniko, mzee. Umewahi kuona wakiingia ndani?" Sikuwa nimewahi kutazama hivyo.

Kama yanaweza kuwaita nyuki kwenye mzinga, hajui. Anasema tujaribu. Yeyusha nta, mbali na chupa, utie tone moja tu. Mizinga mingine upake nta tupu, ili ujue kipi kimewavuta. Na uvae glavu.

Shemeji yako,
Wekulo


Mukuru kwa Reuben,
20 Oktoba 2024

Shemeji Mbeti,

Hamjambo? Umenyamaza sana. Kasiva amepiga simu mpaka amechoka. Mawingu yameanza kujikusanya hata huku. Kama Ndete amekata, tuambie tu. Tiffany naye ananiuliza kila nikipita.

Shemeji yako,
Wekulo


Mwingi,
10 Novemba 2024

Shemeji Wekulo,

Tu wazima, na mvua imenyesha. Mnisamehe kimya, sikuwa na la kuandika.

Niliisugua ile mizinga kwa majivu, nikaianika. Mmoja ulikuwa umekunywa mafuta mengi mno, nikauweka kando, hadi leo unanuka. Miwili nikaipaka nta yenye tone, miwili nta tupu. Septemba yote hakuna hata nzi. Kisha nyuki wapelelezi wakaja, wakauzunguka mmoja wenye tone, wakinusa mlangoni tangu asubuhi. Nikapiga kigelegele. Kesho yake kundi zima likafika kwa kishindo, likaupita, likaingia ule wa nta tupu kwenye mgunga wetu ulio kando yake! Sijui ni harufu iliyowaita ama walikuwa safarini tu. Mwambie Tiffany nitajaribu tena msimu ujao, nusu tone.

Ndete hakungoja. Alikuja na mnunuzi na msumeno, wakaanza na mgunga huohuo. Nilipiga kelele, hawakusikia. Nyuki walisikia. Mnunuzi aliacha kiatu, hajakifuata. Ndete alirudi sikio limevimba, mdomo umevimba, nikajua sasa atachoma kila kitu.

Jumapili, baada ya ibada, nikamkuta amezungukwa na wazee wa kanisa, anawaonyesha ule mdomo. "Nyuki wangu ni wakali," anasema. "Mtu asisogelee ile miti yangu."

Mama akataka kumsahihisha, nikamfinya. Mwache, shemeji. Mtu hakati mti wenye nyuki wake.

Shemeji yako,
Mbeti