Meza ya Mtu Mmoja

Calgary, 9 Februari

Mama mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, naugusisha mkono wako kwenye paji langu kama ningekuwepo hapo. Goti linaendeleaje? Na mwanangu Analyn, kikohozi kimemwachia? Mimi mzima, ila uchovu ndio mwenzangu.

Juzi bibi ninayemtunza alichukuliwa na wanawe, nikapata siku yangu. Nikaenda mkahawa mmoja wanapochanganya mapishi ya Asia: adobo yetu, nguruwe wa siki na soya, ndani ya mkate wa mvuke wa Kichina, juu yake kabichi kali ya Kikorea. Mhudumu akauliza, "Wangapi?" Nikasema, "Mmoja."

Meza ya jirani alikuwepo mzungu, naye peke yake, chakula chake hakijaja. Ulimi wangu si umelelewa na wewe? Nikamwambia, "Karibu tule." Kwetu angejibu, "Asante, nimeshiba," mambo yakaisha. Huyu akavuta kiti! Kati ya mikate mitatu akala miwili, kisha akaniuliza, "Mbona wewe huli?"

Nilicheka, halafu nikalia. Mama, karatasi za Analyn za kuhamia huku zimetoka. Namtaka aje Juni.

Binti yako,
Marivic

Iloilo, 3 Machi

Marivic mwanangu,

Goti ni lilelile. Kikohozi kimekwisha.

Nimemsomea shangazi yako Nening habari za mzungu wako, akatema kahawa kwa kicheko. "Bahati yake hakumkaribisha nyumbani," kasema, "angekuja na mabegi!"

Lakini hilo la Juni, hapana. Ulimwacha hajaota meno. Anayemwita Mama ni mimi. Wewe ni Marivic wa kwenye simu. Ukiwa kazini atakula na nani? Kama ni upweke, tafuta mume.

Mama yako

Calgary, 21 Aprili

Mama,

Natumaini nyote hamjambo, na joto halijawazidi.

Nimekawia kujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na mzazi haandikiwi kwa hasira. Sasa imepoa.

Umemlea vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Sibishi. Ila simwiti aje kunitoa upweke. Sasa ana miaka mitano; akifika kumi hatakuwa anakuja kwa mama yake, atakuwa anakuja kwa mgeni. Nimebadilisha zamu, jioni nitakuwa nyumbani. Jirani yenu Delia anarudi kazini huku katikati ya Juni, atamshika mkono njiani. Tiketi nimeshakata.

Sikuombi tena, Mama. Nakuarifu, na nakuarifu nikiwa nimepiga magoti.

Marivic wako

Iloilo, 13 Juni

Marivic,

Sikukujibu. Nilikuwa nashona nguo zake za baridi, na Nening anasema nimezishona kama za dubu.

Barua hii anakuja nayo mwenyewe. Samaki mtolee miba. Akisema anaweza, usimsikilize. Akinuna, mwache anune, atamaliza.

Wiki nzima nimemfundisha: atakayekupokea ndiye Mama. Akaniuliza, "Na wewe je?" Nikaenda jikoni kuangalia wali ambao sikuwa nimeubandika.

Leo asubuhi ndipo nimemjibu.

Bibi yake